Ukwe kwa Njia ya Simu

Mume wangu hajawahi kuona kifaa kipya akakipita. Mimi nikiingia dukani huuliza kinakula umeme kiasi gani, na kikiharibika ni fundi gani hapa Kakamega atakayekifungua. Yeye huuliza kama kipo cha rangi nyeusi. Ndiyo maana kile chumba kimoja cha nyuma ya nyumba yetu, kilichojengwa kwa ajili ya mfanyakazi, kilikaliwa kwa miaka mingi na mashine zilizokufa. Kulikuwa na blenda mbili, sufuria ya umeme iliyopika maharagwe mara sita ikanyamaza, saa ya mkononi iliyompongeza kwa kutembea sana ilhali alikuwa amelala kwenye kochi, na kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachofukuza panya kwa sauti ambayo binadamu hawezi kuisikia. Nadhani panya nao hawakuisikia, kwa sababu walizalia nyuma yake.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba simu ya mama haikuwa wazo lake. Ilikuwa wazo langu mimi, mwenye akili zangu.

Mama yangu anaishi kijijini upande wa Khwisero, na kwa miaka mingi alitumia kabambe, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata njia hiyo hiyo. Daktari alishatuambia kwamba upasuaji ni wa nusu saa na unafanyika hapa mjini, ila asikawie, maana anaweza kupoteza macho yote mawili. Kilichobaki ni mama kukubali. Lakini kila nikimpigia na kutaja neno daktari, alikuwa anasema netiweki imepotea. Nikaona nimnunulie simu ya kupangusa, ili nimwone uso akinidanganya.

Visingizio vyake nilivijua kwa moyo. Ng'ombe yuko karibu kuzaa. Akina mama wa kanisa wana mkutano. Mahindi hayajapukuchuliwa. Sababu yenyewe hakuitaja, lakini niliijua pia. Baada ya upasuaji ilibidi akae mjini kama wiki moja, atiwe dawa machoni na kuonwa tena na daktari. Wiki hiyo angelala wapi? Kwangu. Na kwangu ni kwa mkwe wake. Kwa mama, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe, hali naye meza moja, wala hamtazami usoni. Najua wako akina mama wa siku hizi wanaotazama mpira na wakwe zao kwenye kochi moja na kugombania rimoti. Mama si mmoja wao. Siku ya harusi yetu alitazama viatu vya mume wangu, na miaka kumi na miwili baadaye alikuwa bado anamfahamu kwa viatu tu.

Basi nikaenda Khwisero na simu, ndani nimeshaweka namba yangu na ya mume wangu, hiyo ya dharura tu. Kwa kuwa herufi hazioni, nilimfundisha kutuma ujumbe wa sauti. "Tafuta uso wangu, bonyeza, shika hapa penye kipaza sauti, ongea, achilia." Alishika somo kwa alasiri moja. Nikarudi mjini najisifu.

Wiki tatu zikapita bila mama kunitumia hata neno. Nikimpigia, namkuta amechangamka, na nikimuuliza habari ananishangaa. "Lakini si nilikuambianga hiyo juzi?" Nikasema moyoni, uzee umeingia. Wakati huo huo mume wangu naye alibadilika. Tukimaliza kula, anachukua simu anatoka nje, anasimama karibu na tangi la maji, simu sikioni, anacheka mpaka anashikilia tangi asianguke. Anarudi ndani akipangusa macho.

"Ni nani huyo?" namuuliza.

"Ni mambo ya kazi tu."

Mume wangu ni mpima ardhi. Sijawahi kusikia mpaka wa shamba ukimvunja mtu mbavu.

Nina hasira za karibu, sifichi. Jumamosi moja alipokuwa anaoga nikaichukua simu yake. Simshauri mtu afanye hivyo. Nilibonyeza ujumbe wa kwanza nikiwa nimejiandaa kusikia sauti ya mwanamke, na kweli ilikuwa ya mwanamke. "Mama," ilisema, maana ndivyo anavyoniita, "leo hii ng'ombe imenipiga teke, nikaipiga na yangu."

Ilikuwa sauti ya mama. Nikahesabu jumbe mpaka nikachoka. Zote alinitumia mimi, na zote zilienda kwa mkwe wake. Chanzo kilikuwa rahisi. Kwenye simu yangu, pale pa picha ya mwenye namba, mimi nimeweka maua. Mume wangu kwake ameweka picha yangu ya siku ya harusi, nimetabasamu meno yote nje. Mama, kwa jicho lake lenye ukungu, alitafuta uso wangu kama nilivyomwambia, na akaupata.

Mume wangu alitoka bafuni na taulo, akaniona nimeshika simu, akaketi kitandani bila kuambiwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza nilitaka kukuambia. Kisha akatuma ile ya mke wa pasta na kofia yake, nikataka kujua iliishaje."

"Na ulimjibu nini?"

"Ningemjibu nini, na ukwe wenyewe ndio huo? Nilimtumia kidole gumba."

Vidole gumba vitupu, kwa wiki tatu. Niliketi kando yake tukazisikiliza zote tangu mwanzo. Nilicheka, siwezi kukataa. Ile ya kofia ilinitoa machozi. Kisha ikafika moja ambayo mama aliongea polepole, kuku wakilia nyuma yake. Alisema anaogopa kisu. Alisema anaota kwamba ameamka na pale penye jicho pamebaki shimo. "Zamani singekuambia hii," akasema. "Zamani nikianza kuongea, unanimalizia maneno. Unasema, mama, ni nusu saa tu, mama, tayarisha nguo. Siku hizi nafurahi. Siku hizi unanisikizanga mpaka nimalize."

Hapo nililia kilio cha kweli. Niliona aibu, na niliona wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa kidole gumba.

Ilibidi mama aambiwe. Nilimpigia nikamweleza, simu ikakatika, na safari hii netiweki haikuwa na kosa. Wifi yangu, mke wa kaka yangu anayeishi boma moja na mama, ndiye aliyenieleza kilichofuata. Mama aliilaza simu mezani, akaifunika kwa sufuria, akaweka jiwe juu ya sufuria. Kwa siku tatu akawa anapita pale amegeuza uso, kana kwamba mkwe mwenyewe ameketi humo ndani. Mimi huku mjini niliona mambo yameharibika. Kama awali alikataa kulala kwa mkwe, sasa hata kijiji chetu angekiona kiko karibu mno. Na jicho lilikuwa halingoji mtu.

Siku ya nne ujumbe ukaingia kwenye simu ya mume wangu. Tuliusikiliza tumesimama. Mama alitumia ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani.

"Mkwe. Huyu ni mama. Nimekaa chini na nimefunga mlango. Nimefikiria hii maneno sana. Mimi nilikatazwa kukuangalia. Nikakatazwa kukula na wewe. Ya masikio sikuambiwa. Nimeuliza dada yangu mkubwa, na yeye pia hakuambiwa. Kwa hivyo tuongee. Lakini usitumange picha."

Mume wangu alikohoa, akanyoosha kola. Alirekodi jibu, akalifuta, akarekodi tena, kama mtu anayetafuta kazi. Mwishowe alituma maneno machache. "Asante sana, mama. Nimeshukuru. Huyo ng'ombe aliacha mateke?"

Kuanzia hapo nikawa sina kazi. Mambo niliyoyalazimisha kwa miaka miwili, wao waliyajadili taratibu, huyu akimaliza ndipo yule anaanza. Watu husema simu zimeua mazungumzo, na mimi nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Basi kwetu simu ilileta mazungumzo ambayo miaka kumi na miwili haikuyaleta. Msimamo wangu kuhusu jumbe za sauti bado uko pale pale: ikizidi dakika moja ni kukosa adabu. Zao zilikuwa za dakika nane. Nilikuwa nachuja chai namsikia mume wangu anaelezwa jinsi nilivyoogopa batamzinga nikiwa mtoto, na anaahidi kutoniambia.

Kuhusu kisu, mume wangu hakumwambia mama asiogope. Alienda hospitalini, akamwomba muuguzi mmoja aeleze kwa Kiluhya hatua moja baada ya nyingine, akamrekodi, akamtumia mama. Mama alisikiliza mara nyingi, wifi anasema alimsikilizisha hata pasta. Kisu kikaisha. Likabaki paa.

Mume wangu akasema yeye atahama, atakaa kwao Lugari wiki nzima. Mama akang'aka. "Nifukuze mwanamume kwa nyumba yake? Watu watasema nini?" Nikadhani tumefika mwisho. Ndipo mume wangu akakumbuka chumba cha nyuma. Alitoa mashine zake zote kwa mikono yake mwenyewe, akawaita waokota vyuma, akasimama langoni akiangalia mkokoteni ukiondoka mpaka ukapotea. Mimi nilijizuia kuimba. Alipaka rangi, akaweka kitanda na taa, akamweleza mama kwamba chumba kina mlango wake na kinatazama upande mwingine kabisa.

Jibu likaja. "Nimesikia. Na paa? Paa zinagusana?"

Alichukua ngazi na utepe wake wa kupimia akapanda. Mabati hayakugusana. Lakini gata moja ya kukinga maji ya mvua ilianza kwenye nyumba yetu, ikavuka uwazi ulio katikati, ikapita ukingoni mwa paa la kile chumba kabla ya kuteremka kwenye tangi. Alishuka akanieleza.

"Mwambie hazigusani," nikamwambia. "Nani atapanda huko juu kuangalia?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia asogeze jiwe la mpaka wa shamba. "Ameniuliza mimi," akasema, "na ni yeye atakayelala chini yake."

Akachukua msumeno akaikata ile gata. Alasiri mvua ikanyesha, kama inavyonyesha hapa kwetu karibu kila alasiri, na maji ya paa letu lote yakamwagika kwenye sukuma wiki yangu, yakailaza. Nilitaka kuwaka. Lakini nilimwona mume wangu amesimama kwenye ule uwazi kati ya nyumba mbili, amelowa chapachapa, amenyoosha simu mbele. Alikuwa anarekodi maji yakianguka. "Mama," akasema, "sikia mwenyewe. Yanaanguka katikati."

Sikuwaka. Nilimpenda mtu yule siku hiyo kuliko siku ya harusi, nami nikamwambia hivyo hivyo, kwenye matope.

Mama alijibu kwa maneno mawili. "Nakuja Jumanne."

Upasuaji ulichukua nusu saa, lakini nilijiuma ulimi nisiseme nilijua. Alilala chumba chake cha nyuma, jicho limefunikwa, akala chakula chake huko, akatuma ujumbe mezani kwetu kwamba nyama imepungua chumvi. Kesho yake asubuhi tukarudi hospitalini. Muuguzi akabandua ile bandeji, akampangusa, akamwambia afumbue. Mama akafumbua. Akanitazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akanigusa nywele.

"Khane una mvi," akasema. Khane ni kumbe ya kwetu.

"Kidogo tu, mama."

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne," akasema, na machozi yakamtoka, muuguzi akamgombeza kwamba jicho halitakiwi kulowa. Tukacheka wote watatu. Ndani ya teksi aliongea njia nzima. Alisoma rangi za nyumba. Alinionyesha mapera mtini, mwanamke aliyevaa gauni la manjano, bati jipya, mbwa. Mara mbili nilijua neno linalofuata na likafika mpaka kwenye meno. Nikaliacha aliseme mwenyewe.

Mume wangu alikuwa ametufungulia lango. Alisimama kando ya ua la miti, ameinamisha kichwa, amegeuka nusu kama inavyotakiwa. Mama alishuka, akavuta leso akajifunika uso. Akapita mbele yake polepole, kwa heshima zote, bila kumsalimia, akaingia chumbani mwake akafunga mlango. Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba dawa, na niliona kwamba leso ilifunika kila kitu isipokuwa jicho jipya.

Hatukuwa tumefika sebuleni simu ya mume wangu ikalia. Aliiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Mama alikuwa ananong'ona, na kicheko kilikuwa kinamkaba.

"Mkwe," akasema, "khane wewe ni mfupi! Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa mtu mrefu."