Fundo la Cuthbert Renner

Siku hizi ukilitaja jina la Cuthbert Renner pale gatini North Shields, vijana wanakutazama kana kwamba umetaja mfalme wa Misri. Wana meli za chuma zenye barafu tumboni na taa za umeme, na wanadhani bahari iliumbwa siku moja na meli hizo. Renner alivuta samaki kwa mvuke kabla baba zao hawajaota ndevu. Nilimtilia makaa miaka mingi, nami nitaeleza jinsi alivyokuwa.

Hakuwa mvuvi. Alikuwa nahodha wa tagi. Tagi yake, Patience, ilikuwa chombo cha mbao chenye magurudumu mawili mbavuni na bomba refu jembamba. Kazi yake ilikuwa kutoka mdomoni mwa mto Tyne, kutafuta merikebu za matanga zinazongoja upepo, na kuzivuta hadi bandarini. Merikebu zilipoanza kujitia injini zenyewe, tulibaki tumefungwa gatini tunanusa moshi wetu. Mabaharia walipungua, kisha nahodha akaanza kuuza kamba. Mwishoni akanunua wavu wa kukokota uliochakaa, ule wenye boriti ya kuupanua mdomo, akaufunga ubavuni.

Siku tuliyotoka, gati lote lilikuja kutucheka.

"Nahodha Renner! Samaki wakikohoa moshi, utawapa dawa?"

"Usiwachemshe huko huko, bwana! Tuletee wabichi!"

Renner alikuwa mtu mnene, mpole, mwepesi wa kuona haya. Alitazama mbele tu. Wat Gofton, msaidizi wake, ndiye aliyewajibu, na maneno yake hayaandikiki. Tulirudi na gayogayo sitaha nzima. Majira ya baridi hayajaisha, wale waliocheka walikuwa wanafunga boriti kwenye tagi zao.

Lakini Renner alikuwa na taabu ambayo wenzake hawakuwa nayo. Mkewe, Hannah, alizaliwa Cullercoats, kijiji cha wavuvi wa mshipi kilicho kaskazini kidogo ya mdomo wa mto. Huko hawakukokota kitu. Walilaza chini baharini, kule kule wavu wetu ulikofagia, mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana, boya huku na boya huku, kisha wakaungoja. Wake na mabinti walikesha wakimenya kome na kutia chambo ndoana moja moja. Bartle Dunn, baba yake Hannah, alikuwa na mashua moja na mshipi mmoja wa maana. Mshipi ule ukipotea, mashua inalala mchangani, na nyumba nzima inakula viazi vitupu.

"Mkwe," Bartle alimwambia Jumapili moja mezani, "hilo panya-buku lako la moshi lina macho?"

"Macho ni yangu, baba."

"Basi yafungue. Mshipi wangu uko mashariki ya mnara wa taa. Unajua ulipo."

"Najua, baba."

"Anajua!" mzee akamwambia mkewe. "Anajua na njia ya kwenda mbinguni, ila hajafika."

Kijiji kile kilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Ukiinua mshipi wako ukakuta wa mwenzako umelala juu yake, unaukata wa mwenzako, unautoa wako, kisha unaunga ule wa mwenzako kwa fundo na kuurudisha majini pale pale. Mwenyewe akiuvuta anakutana na fundo, anajua mtu alipita, na kwamba alikuwa muungwana. Bartle mwenyewe ndiye aliyemfundisha Renner fundo lile, wakati Renner alipokuwa anamposa Hannah. Alimkalisha mlangoni, watu wakipita wanaona, akamfanya arudie mpaka vidole vikafa ganzi. Ndiyo ilikuwa mahari yake, naweza kusema.

Basi asubuhi moja ukungu ulitanda mpaka sikuliona bomba letu wenyewe. Tulikokota tangu kupambazuka. Wavu ulipokuja juu ulikuwa na mshipi umejisokota kwenye boriti, ndoana zinaning'inia kama miiba. Renner alitazama boya la ngozi, akaona alama ya Dunn.

"Kata, tupa," alisema Wat. "Nani ameona?"

"Nimeona mimi."

"Ukungu huu hata Mungu haoni, nahodha."

Renner alivua koti. Alipiga magoti kwenye sitaha yenye maji, akautoa mshipi ule kipande kwa kipande. Palipokatika aliunga kwa fundo la Cullercoats, na wala hakuharakisha. Sisi tulisimama kazi imelala, moto unakula makaa. Kisha akaurudisha majini, boya huku na boya huku, akapangusa mikono kwenye suruali. Siku nzima alikuwa anapiga mluzi, ingawa kupiga mluzi chomboni ni kuita dhoruba, na Wat alimwambia hivyo.

Siku ya pili yake Hannah alikuja gatini. Alisema mshipi wa baba yake haupo. Mzee ameutafuta tangu jana, amerudi mikono imechanika kwa makasia.

"Upo," alisema Renner. "Niliufunga mwenyewe. Twende nikamwambie."

Nilikwenda nao. Bartle alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mashua yake mchangani. Renner alimweleza yote, uso unamng'aa kama mtoto aliyekariri sala.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliukuta kwenye wavu."

"Ndiyo, baba."

"Wavu ulikuwa unakokotwa tangu kupambazuka."

"Ndiyo."

"Basi uliurudisha wapi, Cuthbert?"

Renner alipauka. Sijapata kuona mtu akibadilika rangi upesi vile. Alikuwa ameurudisha pale pale tuliposimama, kama desturi inavyotaka, na pale palikuwa mbali sana na mahali Bartle alipoulaza. Desturi ilitungwa na watu wa makasia na matanga. Haikujua kwamba chombo kinaweza kuubeba mshipi wa mtu chini ya maji asubuhi nzima bila habari.

"Twende tuutafute," alisema.

Bartle hakuwa amewahi kukanyaga tagi ya nyavu. Alipopanda, Wat alikuwa anakula mkate.

"Nyama ya nguruwe, mzee?"

Mzee aliruka akashika chuma cha winchi kwa mikono miwili, maana jina la mnyama yule kwao halitajwi baharini, na kushika chuma ndiyo kinga.

"Shika tu," Wat akacheka. "Chuma hapa si haba."

"Na akili je?" Bartle akamjibu.

Tulikwenda kusini tukifuata mkondo, njia tuliyokokota siku ile, mzee amesimama mbele omoni, chai akaikataa. Jioni ilikaribia ndipo alipoinua mkono. Boya lilikuwa limezama nusu. Waliuvuta mshipi pamoja, yeye na mkwewe. Samaki waliokuwa kwenye ndoana walibaki ngozi na mifupa, lakini mshipi ulikuwa mzima. Fundo la kwanza lilipofika mkononi mwa Bartle, alilivuta, akaligeuza, akalivuta tena.

"Fundo zuri," alisema.

Renner alishusha pumzi.

"Siku nyingine ukiupata wa mtu, usiufunge. Tupa hapo sitahani, utuletee nyumbani."

"Na desturi, baba?"

"Desturi ni ya mtu anayeacha kitu alipokikuta. Wewe huwezi tena."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Renner angepona upesi zaidi.

Baada ya hapo Patience ilirudi kila juma na mishipi ya watu imerundikwa sitahani. Manahodha wa tagi nyingine wakaiga, wale wenye haya. Rundo lilimwagwa gatini, na wake wa Cullercoats walikuja na vikapu kuchambua, huyu akivuta, yule akishikilia, wakitukanana juu ya ndoana ni za nani. Renner alipita kando yao ameshusha kofia. Ndani ya rundo lile sikuona fundo jipya la Cullercoats hata moja.