Simbiliki Kwenye Bendera ya Wageni

Ndugu zangu, mimi Assani, mchoraji wa mabango hapa Kisangani, mtu niliyeandika majina ya nusu ya maduka ya sokoni (bon, siyo nusu, lakini mengi), kuna ukuta mmoja upande wa Simi-Simi ambao nikiupita naangalia chini kama mtu aliyepoteza ufunguo, na leo nawaambia sababu, ingawa uso unaniwaka.

Ukuta ni wa maternité, nyumba ya kuzalia, ya Mama Zawadi, muuguzi mkuu pale, mama asiyepaza sauti. Mji mdogo fulani wa Ujerumani (jina lake bado linanishinda ulimi) ulisaidia kuiezeka upya ile nyumba, na sasa burgomestre wao, mkuu wa mji, alikuwa anakuja mwenyewe kuona, ndipo Mama Zawadi akaniita nichore ukutani bendera ya mji wao, nyeupe na kijani, na katikati nembo yao: ngao yenye mnyama ndani. Akanionyesha picha kwenye simu. Picha ndogo kama ukucha, yenye ukungu, mnyama mnene wa kahawia, meno mbele, ameshika kijiti.

"Assani, unaona muzuri? Ama niwaombe picha ingine?"

Alors, hapo ndipo nilipojiharibia. Sikuona vizuri, lakini fundi kama mimi nikubali kwamba sioni? "Mama, acha tu, nimeshamujua huyu nyama." Na kweli nilidhani nimemjua, kwa sababu mnyama mnene wa kahawia mwenye meno mbele, kwetu Tshopo, ni nani kama si simbiliki, yule panya mkubwa wa majanini tunayemla na pondu, majani ya muhogo? Nikasema kumbe hata Wajerumani wanamheshimu! Nikamchora kwa upendo, mkia mwembamba, na kile kijiti nikakifanya muwa.

Siku ya wageni, wao wametoka uwanja wa ndege wa Bangboka moja kwa moja, akina mama wamejaa uani na watoto mgongoni, Mama Zawadi akavuta kitenge kilichofunika ukuta. Halafu mama mmoja: "Eh! Simbiliki!" Mwingine: "Ya kwangu muiweke na ndizi za makemba!" Ua mzima ukaangua kicheko, na mimi nikamwona burgomestre, mzee mrefu wa nywele nyeupe, anasogea ukutani, anavaa miwani, anautazama ule mkia bila kucheka. Mkalimani akaeleza kwamba wa kwao ni mnyama wa mtoni, mkia mpana kama mwiko wa kusongea fufu, anaangusha miti kwa meno. Akageuka: "Burgomestre anauliza, nani alichora?"

Wote wakaniangalia. Nikaona kazi zangu zote zinaondoka, nikaona hata paa linarudi Ujerumani (hofu ni kitu cha kijinga), na mdomo ukafunguka wenyewe: "Ni Mama Zawadi. Alinipa picha mubaya, akasema nichore simbiliki."

Mama Zawadi hakubisha. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa, akamwomba mgeni msamaha.

Burgomestre akashangaa. Msamaha wa nini? Alikuwa anamtafuta mchoraji ampe mkono, maana, alisema, hajawahi kuona mnyama wao ameshiba hivyo. Tukapigwa picha. Burgomestre anacheka, mimi niko kama mtu anayeng'olewa jino, na Mama Zawadi hayumo, kwa sababu alikuwa ameshaingia ndani.

Kesho yake asubuhi nikaenda kumwangukia. Alikuwa anakunja mashuka.

"Assani, muke wako alizalia hapa mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Nani alipokea wale batoto?"

"Ni wewe, mama."

"Bon. Ulinisema mbele ya batu. Utajisema mbele ya batu."

Donc siku ya kupima watoto nikasimama mbele ya akina mama wale wale, nikasema yote: kwamba mama aliuliza, kwamba mimi ndiye niliyekataa picha nyingine, kwamba nilidanganya. Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Mmoja akauliza, "Na uliacha mama yetu aombe pardon juu yako?" Nikavua kofia. Mama Zawadi akaita jina la mtoto wa kwanza, kazi ikaanza, mimi nikabaki nimesimama na kofia mkononi, hakuna aliyeniambia kaa wala nenda.

Mkia nimeshaurekebisha, kwa siku mbili tu. Lakini siku hizi mteja akinionyesha picha nisiyoielewa nasema "sioni", hata mbele ya wachoraji wenzangu, na kazi ikiharibika nasema ni mimi, kabla mtu hajafungua mdomo kuuliza.