Mgeni wa kambale

Juzi nilikuwa kwenye duka la samaki wa kufuga hapa Dodoma mjini, nasubiri kupimiwa chakula cha samaki, akaingia bibi mmoja amejitanda khanga. Muuzaji akamwamkia.

"Marahaba, baba. Nataka perege wa kukaa na kambale wangu kwenye tangi la kioo. Yuko peke yake tangu nimtoe bwawa la Hombolo."

"Kambale mwenyewe ana ukubwa gani, bibi?"

Bibi akagusa kiwiko chake, kisha akagusa ncha za vidole.

Muuzaji akaacha kupima chakula changu. "Huyo atammeza. Chukua perege huyu mkubwa. Na ukifika, mlishe kambale kwanza mpaka ashibe, ndipo umwingize mwenzake."

Bibi akamtazama kama mtu aliyekosewa adabu. "Kwetu mgeni ndiye anayekula kwanza."

"Kwa kambale, bibi, mwenyeji asiposhiba, mgeni ndiye mboga."

Bibi akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Akamchukua yule mkubwa.

Mimi nilirudi nyumbani namkumbuka mama. Kila alipokuja mgeni na kuku akachinjwa, mama alituita jikoni watoto wote watano, akatupa ugali wa uwele na mlenda, akasimama mlangoni mpaka tulambe vidole. Mlenda kama ule sijaupata tena. Siku zile nilinung'unika kwamba anatunyima kuku. Kumbe alikuwa anamlinda mgeni.