Chumba cha Mbele cha Nyumba Isiyokwisha

Mtu anayelinda pagale ana sheria moja, na hakuna aliyewahi kuiandika popote: usilipendezeshe. Pagale ni nyumba iliyoishia njiani. Kuta zipo, milango hakuna, mwenyewe anasubiri hela. Ukikabidhiwa ulilinde unalala humo bure, na huo ndio mshahara wako. Basi acha majani yaote mbele, acha na gunia dirishani. Mwenye nyumba akipita na gari aone tofali na vumbi, apate uvivu, aende zake. Siku akiona panakalika, umekwisha.

Mdogo wangu aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Nawaambia mapema ili asitokee mtu wa kusema alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga, alikuwa amechoka.

Mimi ni msusi. Nashinda nimesimama, vidole viko kichwani kwa mtu, na mdomo wangu haufungwi. Mteja asiyetaka maneno atafute kwingine. Huyu ninayemsema tumefuatana, tumbo moja. Anapiga pasi kwenye duka la dobi, mashati ya watu wa ofisini. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa kupiga lipu, kibarua leo kipo kesho hakipo. Walipooana walipanga chumba, mwenye chumba akapandisha kodi, wakahama. Wa pili akataka kodi ya mwaka mzima mkononi, kana kwamba kuna kijana anayelalia hela ya mwaka mzima chini ya mto. Wakahama tena. Na kila wakihama wanazidi kwenda mbali na mjini, na nauli nayo inazidi. Mtoto wao alipoacha kunyonya, shemeji akapata kulinda pagale la bwana mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mlango halikuwa nao, na watu wasiojulikana walikuwa wanakatiza humo ndani kama njia ya kwenda kwao. Utamlaza mtoto hapo? Akaletwa kwangu. "Kwa muda tu, dada."

Muda gani! Chumba changu kimoja, wanangu watatu, na yeye tukambana katikati. Nikambeba mgongoni nikiwa nasuka, akakua hivyo hivyo, akaanza kuniita mama. Mama yake mzazi akija Jumapili anampokea kwa adabu kama mgeni. Mbele za watu mdogo wangu alikuwa anacheka. Nikimsindikiza barabarani ndipo anasema, "Dada, mwanangu ananipa shikamoo halafu anakwenda kujificha nyuma yako."

Basi kazi yao yote duniani ikawa hiyo, kupata mahali pa kumlaza mtoto wao. Si nyumba, jamani. Chumba kimoja.

Mwenye pagale tulimpachika jina la Mtarajiwa, maana kila uchaguzi yumo, anautaka udiwani, na kiti hakipati. Hata nyumba yake ilikwama kwa ajili hiyo. Kampeni iliyopita ilikula bati na milango, akashindwa, jengo likabaki na paa nusu. Ukitazama vizuri, kushindwa kwake ndiko kulikompa mdogo wangu pa kulala. Safari hii akarudi tena na fulana mpya, na gari la matangazo likawa linatuamsha: "Kila kijana na paa lake!" Mdogo wangu alikuwa akilisikia anashika mbavu. "Kura yangu nampa, dada, kwa kuwa katusitiri. Ila dua simwombei."

Shemeji alianza na chumba cha mbele, kile chenye bati juu, taratibu, kwa mabaki. Akipiga lipu kwenye nyumba za watu anaomba simenti iliyobaki chini ya mfuko. Rangi vilevile, makopo ya kukomba. Ndiyo maana ukuta mmoja ulikuwa bluu, wa pili krimu, wa tatu kijani kama ya hospitali, na alipofika wa nne rangi zote zimekwisha, akachanganya masalia, ikatoka rangi ambayo mpaka leo hatujaipatia jina. Sakafu aliisugua mpaka inateleza. Mlango aliutoa kwenye nyumba iliyobomolewa, akauchonga upya ukaenea. Hayo yote ni ndani. Nje hakugusa kitu. Majani yanafika kiunoni, gunia liko dirishani, ukipita unasema humo wanalala mbuzi. Ukiingia, lo! Unavua viatu mwenyewe bila kuambiwa.

Mtoto alikuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza, na shule iko karibu na pale. Wakasema sasa aje, azoee. Nikamfungia vinguo vyake nikampeleka mwenyewe. Sitawaficha, niliumia na nikafurahi, vyote kwa pamoja.

Hakumaliza siku mbili akaanza kulia. Chumba kilikuwa giza mchana kweupe, sababu ya lile gunia. Akawa anakaa kizingitini anauliza mama anakuja lini, na huyo mama anayemuuliza ni mimi. Mama yake amesimama hapo hapo, mwiko mkononi.

Kesho yake akalitoa gunia. Akatundika pazia jeupe lenye maua madogo, kitambaa ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua kwa dobi. Mimi nililiona toka barabarani, nikaingia mbio.

"We, umerukwa na akili? Toa hilo pazia!"

"Sitoi."

"Mtarajiwa anapita hapa na msafara wake kila siku!"

"Apite. Nimechoka kuishi kama panya, dada. Jana mwanangu kacheza humu ndani mpaka jioni, hakukuulizia hata mara moja."

Nikaliacha pazia. Hata wewe ungeliacha.

Msafara ulipopita, nilikuwa mlangoni pao namsuka mtoto. Gari la matangazo likapunguza mwendo, likasimama. Mtarajiwa akashuka, na mkewe, na vijana wa fulana, na mtu wa kamera. Akaingia bila hodi, akageuka huku na huku, macho yamemtoka.

"Hiki chumba ni changu?"

Shemeji, maskini wa Mungu, akajibu huku anatabasamu, "Ni chako, mzee. Mimi nimekipaka tu."

Alidhani atapata kazi. Mtarajiwa akamnyakua mtoto, msuko nusu, akamweka begani, akaigeukia kamera. "Mnaona? Wengine wanashinda vijiweni wanalaumu, kodi, kodi! Huyu nimempa mahali, kajituma. Paa kwa kijana linawezekana!" Vijana wakapiga makofi. Wengi wao nawajua, bado wanalala sebuleni kwa mama zao.

Mdomo ukaniwasha. "Mheshimiwa, na hiyo kodi utaishusha kwa kutupiga picha?"

Akacheka kile kicheko cha jukwaani. "Mama, tupeni ridhaa kwanza, maswali yote yatajibiwa."

Lakini yeye hakunitisha. Aliyenitisha ni mkewe, ambaye hakuitazama kamera kabisa. Alipitisha kiganja ukutani. Akagonga sakafu kwa kisigino. Akauliza kwa upole kama mvua ikinyesha maji yanaingia, na shemeji akajibu kwa fahari, "Hata tone, mama." Mimi kazi yangu ni vichwa. Mteja anayeshikashika msuko wa mwenzake namjua, huyo anataka asukwe huo huo. Nikajua tumekwisha.

Kabla ya wiki kuisha shemeji akaitwa dukani. Bora angefokewa. Alipewa kiti, akapewa na soda. Mtarajiwa akamwambia kwamba mwanawe amemaliza chuo, ana kazi ya ofisini, ameoa, na mpaka leo anakaa na mkewe kwa wazazi, maana kodi za mjini hata yeye zimemshinda. "Ni kijana kama wewe, unamwelewa." Basi ataanzia chumba cha mbele. "Nyinyi siwafukuzi, mimi si mtu wa namna hiyo. Hamieni kile cha nyuma, mwendelee kulinda."

Cha nyuma ni kuta tu. Juu anga, mbele hakuna mlango.

Shemeji akauliza, "Na mtoto, mzee?"

"Mtoto si ana mama mkubwa? Yule mwenye maneno."

Picha ikabandikwa kwenye nguzo za umeme mtaa mzima, yeye kacheka, mtoto wetu begani, na chini maneno yale yale ya paa. Nilitaka kwenda dukani nikamvue nguo mbele ya wateja wake, na ninaweza, nina ulimi huo. Mdogo wangu akanishika mkono. "Ukienda tutakosa na hicho cha nyuma." Nikarudi kwenye vichwa vya watu.

Siku mwana wa Mtarajiwa anahamia, nilikwenda nimejiandaa kumchukia, na maneno nimeshayapanga. Akashuka kwenye gari la mizigo kijana mwembamba mwenye miwani, kainamisha kichwa kwa haya. Kabla hajashusha hata godoro lake alishika sufuria za mdogo wangu akamsaidia kuzipeleka nyuma.

"Mnisamehe, dada zangu," akasema. "Nimeomba nyumba za serikali, wanasema mshahara wangu ni mkubwa mno. Nimekwenda benki, wanasema ni mdogo mno."

Ebo! Sasa huyo utamtukana uanzie wapi? Mkewe alikuwa katikati ya chumba anazitazama zile kuta nne. Akasema fundi kajitahidi, ila watapaka nyeupe.

Jioni ile shemeji akarudi kutoka kazini na simenti, nusu mfuko, begani. Akaitua chumba cha nyuma, akaupapasa ukuta. "Tuanze na huu wa upande wa upepo," akamwambia mkewe. "Bati nitatafuta."

"Anza," mdogo wangu akasema. "Ukimaliza atahamia nani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli. Shemeji akakaa juu ya ule mfuko, mikono magotini.

Mtoto alikuwa ameshaogeshwa, vinguo vyake vimefungwa. Mdogo wangu akanivuta pembeni, karibu na rundo la tofali.

"Dada, shule zikifunguliwa mwandikishe huko kwako."

"Sawa."

"Na walimu wakiuliza mama yake ni nani, sema ni wewe. Usianze kueleza habari ndefu, watakuja kumchanganya mtoto."

Mimi huyu, ninayeongea toka asubuhi mpaka jioni, nilitafuta neno la kumgombeza nikalikosa. Mtoto alikuwa ameshanishika kidole, ananivuta twende. Mama yake akachuchumaa kumfunga kamba za viatu, akamaliza, akabaki pale chini. Nikamwambia sawa, nitasema hivyo.