Kwotabeki Anayetazama Pembeni

Kuna harufu ya mpira uliopata jua ambayo hunisimamisha njiani hadi leo. Nazungumzia vile vipunje vyeusi vinavyomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia, vinavyoingia viatuni, soksini, na hata, Mungu anisamehe, kwenye msala wa mama yangu. Juzi nilipita nyuma ya skuli moja hapa Wembley, jua limechomoza kidogo baada ya mvua, harufu ikanipiga. Nikajikuta nimeshika waya wa uzio kwa mikono miwili, na nina miaka kumi na tatu tena.

Baba yangu, mtu wa Pemba, alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake dogo lilikuwa na bango jekundu juu ya paa na tasbihi kwenye kioo, na nusu ya Waswahili wa kaskazini ya London walijifunza kugeuza gari mikononi mwake. Mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, aliupata kwa bahati tu. Timu za huko huja kucheza uwanjani kwetu kila vuli, barabara hufungwa, na siku hizo yeye hukosa pa kufundishia. Mara moja, badala ya kurudi nyumbani kunung'unika, alifuata watu tu aone wanakwenda wapi. Mtu asiyemjua akampa tiketi ya mwenziwe aliyeugua. Baba akarudi jioni amevaa mkono mkubwa wa sponji wa kushangilia, sauti imemkauka, na suali moja: "Zuhura, wewe ulijua kuwa mchezo huu ni wa akili?"

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya magharibi, mimi na Baba tulikaa mbele ya kompyuta kutazama mechi za vyuo vya Marekani. Huko wanafunzi hucheza mbele ya umati mkubwa ajabu, na walio bora huchukuliwa na timu za kulipwa. Anayetazamwa kuliko wote ni kwotabeki, yule anayeushika mpira kwanza na kuamua amrushie nani. Sisi tulikuwa na wetu. Jina lake halisi Baba hakuliweza kabisa, kwa hiyo akamwita Bwana Harusi, maana alitembea taratibu, shati halichafuki, na kila mtu akimngoja yeye. Alikuwa akirusha mpira kabla hujapepesa jicho, na unafika. Baba akaapa kuwa kijana huyo akifika kwa wakubwa, watu watasahau wengine wote.

Mama ndiye aliyetuharibia raha. Alitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa mlezi, akapita na sinia ya chai na vipande vya mkate wa kumimina. Akasimama, akatazama kidogo.

"Huyo bwana mbona kila mara anageuza shingo pembeni? Anamtafuta mamake?"

Tulicheka. Kisha tukatazama, na kicheko kikatuishia. Kweli, kabla ya kila mrusho Bwana Harusi aligeuka pembeni, na pembeni walisimama watu wamenyanyua mabango ya picha: mbwa, nanasi, uso wa mtu. Kumbe makocha walimsomea uwanja wakiwa nje, wakampa jawabu kwa picha, na yeye akarusha.

"Sasa anayejua ni nani?" nilimuuliza Baba, kwa Kiingereza kama kawaida yetu sisi watoto wa huku. "Yeye, au wenye mabango?"

Baba aliuweka mkate kwenye sahani. Akanieleza habari za mwanafunzi wake mmoja aliyefaulu mtihani mara ya kwanza bila kosa hata moja, na wiki ya pili akampigia simu kutoka Lewisham, upande wa pili wa London, amesimama kando ya barabara, karibu kulia: "Mwalimu, hapa pana mzunguko ambao hatukuusoma." Baba alikuwa amempitisha njia zote za mtihani mpaka akazihifadhi kama sura fupi. Barabara nyingine hakuzijua.

"Alikuwa hajui kuendesha?" nikauliza.

"Hilo ndilo linaloniwasha, mwanangu. Sijui. Sikuwahi kumpeleka mahali ambapo ningejua."

Sasa niwaambie na yangu, maana na mimi nilikuwa kwotabeki.

Tulicheza ule mchezo mwepesi wa watoto, usio na kuangushana. Unafunga vitambaa viwili kiunoni, na mpinzani akikuchomoa kimoja, mbio zako zimekwisha hapo. Kocha wetu, Kocha Delroy, alikuwa dereva wa basi, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti. Alitupata kila Jumatano kwa muda wa saa moja tu, watoto kumi na wawili wasichana na wavulana, kutoka kila pembe ya dunia, wengine Kiingereza hakijawakaa. Kwa hiyo alitengeneza kadi. Alizichora mwenyewe kwa kalamu nene: paka, sambusa, mwavuli, basi jekundu. Akinyanyua sambusa, kila mtu alijua pa kukimbilia. Akinyanyua basi, mimi nilirusha kushoto, upesi, kwa mtoto wa pili kutoka ukingoni, na mtoto huyo kila mara alikuwa peke yake.

Tulishinda mpaka tukazoea. Wazazi walinipa jina la Profesa. Nilikuwa nikivuta hijabu yangu ya michezo nyuma ya masikio, natazama kadi, narusha. Mama yangu aliyemcheka Bwana Harusi alikuja kunitazama mara mbili, na si yeye wala mimi aliyegundua shingo yangu inaelekea wapi.

Mwaka ule ulitangazwa mchujo wa timu ya wasichana ya nchi. Nilijiona nimeshachaguliwa. Baba alifuta masomo yake ya Jumapili nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipovunjika kidole, akanipeleka na chupa ya chai.

Mchaguzi alikuwa mama wa Kimarekani aliyeitwa Miss Dana, nywele nyeupe fupi, daftari mkononi. Alinipa wadakaji wanne nisiowajua, akanionyesha walinzi, akasema, "Wewe chagua. Mimi nipo hapa natazama tu."

Nikageuka pembeni.

Pembeni alisimama Baba na chupa ya chai. Alinipungia mkono.

Nilijaribu la basi, maana ndilo nililolipenda. Niliwapanga wasichana kama tulivyozoea, nikarusha kushoto, upesi, kwa wa pili kutoka ukingoni. Mlinzi hakwenda alikopaswa kwenda. Alibaki palepale, akaudaka mpira wangu kifuani, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Nikarudia. Akaudaka tena, mara hii akicheka. Mara ya tatu sikurusha kabisa. Nilisimama na mpira mpaka wakanichomoa vitambaa vyote viwili.

Miss Dana aliniita kwenye ubao. "Ulirusha kushoto mara mbili. Kwa nini kushoto?"

Nilijua kila kitu kuhusu mchezo ule isipokuwa hilo. Nilitazama ubao mweupe. "Kwa sababu ni basi," nilisema.

Hakucheka, na hilo namshukuru. Alipomwona Baba amesogea, akatueleza sote wawili. Alisema kwao Marekani aliwahi kufanya kazi ya kuwapima makwotabeki wa vyuo kwa ajili ya timu za kulipwa, na taabu ilikuwa ni hiihii. Unamwona kijana anarusha vizuri, hesabu zake zinapendeza, lakini chuo kimempangia mambo yote: wadakaji wametawanywa uwanja mzima, mpira unatoka mkononi upesi, jawabu linatoka kwa kocha. Kwa wakubwa ataambiwa ausome uwanja mwenyewe, na awatajie wenziwe mpango wa kila mrusho kwa maneno marefu.

"Wengine wanaweza, wengine hawawezi," alisema, "na ukiwatazama chuoni wote ni sawasawa. Zuhura, sisemi huwezi. Nasema bado sijakuona."

Njiani Baba hakuwasha redio. Alinunua chipsi, akaniwekea mapajani, na nilipolia alipunguza mwendo tu.

Jumatano nilimfuata Kocha Delroy kabla wenzangu hawajafika. Niliyoyasema nayakumbuka yote, na ningependa kuyasahau. Nilimwambia mimi sikuwa kwotabeki, nilikuwa kasuku. Nilimwambia kushinda kwetu kote kulikuwa udanganyifu, na kwamba alinifundisha kudanganya. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, hakupata hata muda wa kubadilisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa," akazitia kadi mkobani.

Siku hiyo tulicheza na timu ya jirani bila kadi. Sijapata kuona fujo kama ile. Watoto waligongana. Agnieszka, mtoto mdogo wa Kipolandi ambaye hakuwa na maneno ishirini ya Kiingereza lakini aliisoma sambusa kuliko sisi sote, alisimama katikati ya uwanja mikono imelegea, akimtazama Kocha, akingoja picha ambayo haikunyanyuliwa. Tulifungwa mpaka tukaacha kuhesabu. Agnieszka alilia, na mamake akamchukua kabla ya mwisho. Nilitaka Kocha asikie uchungu wangu. Sikufikiri kuwa ungepitia kwa mtoto yule kwanza.

Baada ya mchezo nilibaki nikikusanya koni za mipaka. Sikuwa na maneno ya kuomba radhi, ndipo likanitoka lile lililokuwa likinisumbua tangu Jumapili.

"Kocha, lakini kwa nini kushoto?"

Alipangusa uso kwa mkono. "Sijui," alisema.

Nilidhani anatania.

"Sijui, Zuhura. Mimi sikucheza mchezo huu utotoni. Mpango ule wa basi niliuona kwenye video za chuo kimoja cha Marekani, usiku nikitoka kazini. Uliwafaa wao, nikauchora, ukatufaa sisi. Kila wiki nilishukuru tu kwamba unafaa." Kisha akasema, "Unataka tuutazame pamoja?"

Baba alipokuja kunichukua akatukuta dukani, pale pa kuku wa halali mkabala na kituo cha basi, tumeinamia simu ya Kocha. Naye akavuta kiti. Tulipanga vipakiti vya ketchup kuwa sisi na vya mayonezi kuwa wapinzani. Tukaisimamisha video, tukasogeza vipakiti, tukairudisha. Kuku wetu akapoa. Baba ndiye aliyegundua kuwa wadakaji wa kushoto ni wawili, na wa kwanza anakata kuingia ndani. Kocha akagundua kuwa anapoingia, mlinzi humfuata. Mimi nikaweka kidole juu ya kipakiti kimoja cha mayonezi.

"Si kushoto," nilisema. "Ni mlinzi huyu! Ni yeye mmoja tu. Akimfuata wa kwanza, namrushia wa pili. Asipomfuata, basi wa kwanza ndiye yuko peke yake!"

Kocha Delroy alipiga meza kwa kiganja, vipakiti vikaruka. "Mungu wangu," alisema, "kumbe ndivyo!" Na alicheka sana, yule mtu mzima aliyeuchora mchezo ule kwa mkono wake mwenyewe, akausimamia miaka.

Kadi zilirudi Jumatano iliyofuata, na Agnieszka akarudi nazo. Tofauti ilikuwa kwamba kila wiki kadi moja tuliibomoa mezani, tukiulizana kwa nini. Mwaka wa pili nilikwenda tena kwa Miss Dana. Nilipoteza mpira mara mbili, lakini mara zote mbili nilimweleza nilimtazama nani na alinipotezaje. Aliandika muda mrefu. Alinichukua kuwa kwotabeki wa akiba, nikavaa jezi ya nchi na kucheza dakika chache mno, na Mama akaipiga picha jezi hiyo kwa pande zote.

Bwana Harusi alichukuliwa na timu ya kulipwa. Kwenye mtandao wataalamu walikuwa wamegombana juu yake majira yote ya baridi, nusu wakisema ni yeye, nusu wakisema ni chuo chake. Alikaa benchi, akapewa mechi tatu, akaachwa. Baba alihuzunika kana kwamba kaachwa mpwawe. "Tulimtazama kila Jumamosi," alisema, "na hatukumjua." Kama walimuuliza kwa nini kushoto, na kama kulikuwa na mtu wa kukaa naye mezani baada ya hapo, sitajua kamwe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kuwa ni habari za msichana aliyejifunza kufikiri mwenyewe. Sasa nafundisha hesabu katika skuli ya sekondari, na mwaka jana binti wa kidato cha pili alisimama mbele ya wenziwe akaniambia kwamba njia niliyowapa inaleta jawabu lakini mimi mwenyewe sijui inatoka wapi. Alisema kweli. Niliiona picha nzima ya mambo ambayo ningeweza kusema: kwamba muda umekwisha, kwamba haimo kwenye mtihani, kwamba akae chini. Watoto thelathini walinitazama. Ndipo nilipoelewa, umri wangu umeshakaribia ule aliokuwa nao Kocha Delroy, ni kitu cha uzito gani alichokibeba jioni ile, na sare ya kazi mwilini, mbele ya mtoto aliyemtukana saa moja kabla.

Nikamwambia yule binti, "Sijui," nikavuta kiti karibu na meza yake.