Pango Chini ya Ploti Yetu ya Njiru

Mchimbaji wetu wa choo alitoka shimoni mbio kama aliyemwona chatu. Mtaimbo wake ulikuwa umetoboa mwamba, ukamponyoka na kwenda zake. "Mzee, huku chini ni hewa tupu," alimwambia Baba.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Pango, tena kwenye ploti yetu wenyewe! Mama yeye aliketi juu ya rundo la mawe, akashika tama. Miaka yote tuliyopanga chumba kimoja kule Mukuru kwa Njenga, alikuwa akiijenga nyumba ya ploti hii kichwani, na fundi alikuwa aanze msingi kesho yake. Sasa alitaka kujua jambo moja tu: itasimama au itamezwa?

Tulipanua tundu, tukateremsha koroboi kwa kamba kupima hewa. Ilipoendelea kuwaka tukashuka kwa ngazi, Baba mbele, mimi nyuma na tochi ya simu. Jamani! Ukumbi mzima, wenye baridi, paa la mwamba mweusi, na njia iliyopinda kwenda kusikojulikana. Mimi na pupa yangu nilishaanza kuifuata, Baba akanivuta shati.

Baba ni mchongaji. Kabla ya kulitia gogo tezo, huligonga na kusikiliza kama lina uwazi ndani. Basi alimwomba Mama achukue mchi wa kinu, agonge juu, chumba baada ya chumba, pale fundi alipokuwa amefunga kamba za msingi. Sisi tungesikiliza.

Chumba cha kulala kilitoa kishindo hafifu, cha mbali. Sebule vivyo hivyo: pango halikufika huko. Nikashangilia. Mama alipofika jikoni, mchi ulilia juu ya vichwa vyetu na vumbi likatumwagikia. Baba akanisukuma kwenye ngazi. Yeye akabaki, ajue uwazi unaishia wapi.

Juu nilimkuta Mama ameushika mchi, hapigi.

"Siwezi," alisema. "Yuko chini yangu."

"Twanga kama unatwanga mahindi ya muthokoi," Baba aliita kutoka chini.

Akatwanga huku analia, akisogea kidogo kidogo, mpaka Baba akasema hapo ni mwamba mtupu. Jiko likahamia huko, na nyumba nzima ikageuka nalo. Mpaka leo imeipa barabara kisogo, na wageni hutucheka. Mimi bado naitamani ile njia. Lakini Mama akianza kutwanga muthokoi, Baba huweka tezo chini, akasikiliza mpaka amalize.