Mashine ya Mvunguni kwa Shomari

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mashine mpya ya laminesheni ilimeza nusu ya kibao changu cha shaba, ikakwama, ikaanza kufuka moshi, huku mayai ya akina mama wa Ntalikwa yakinisubiri. Na mayai hayamsubiri fundi.

Nirudi nyuma kidogo, maana kesho unakwenda kununua mashine yako, na umeshaniambia unaitaka ile nyembamba yenye taa za buluu.

Mama Kashindye wa Ntalikwa alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao ambalo majirani zake wote walipeleka mayai. Saketi ya kuongoza joto ikaungua. Akaja kwangu Chemchem, akakaa kwenye stuli.

"Fundi, mayai yameshakusanywa. Yakikaa sana ni ya kukaanga tu. Majirani nitawaambia nini?"

Nikamwambia asihofu. Nilikuwa binti anayetengeneza redio za mtaa mzima, na neno "siwezi" nilikuwa sijalizoea.

Wakati huo vibao vya saketi nilivitengeneza kwa pasi ya nguo. Kazi yenyewe unaijua: unachapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, unaulaza juu ya shaba, unaubana kwa moto mpaka wino uhamie kwenye shaba, unaloweka karatasi itoke, kisha dawa inakula shaba yote isiyofunikwa na wino. Lakini pasi hubana pale mkono unapoegemea tu; kwingine njia za umeme hukatika. Nikaona mashine ya laminesheni, ile ya kufunika vitambulisho kwa plastiki, yenye rola mbili za moto, itabana sawasawa. Hapo sikukosea.

Nikaenda kwa Shomari, muuza vifaa vya ofisi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara babu zetu ni watani, na hatujawahi kusalimiana bila kejeli.

"Mpagazi kaja," alisema. "Leo unabeba nini?"

"Nabeba mashine, mvivu wewe. Babu zako walikaa pwani wakingoja tuwaletee, na wewe umetufuata huku huku."

Nikachagua iliyokuwa juu ya meza, nyepesi, inayomaliza kitambulisho kabla hujamaliza kupiga chafya. Akaniuliza ya kazi gani. Nikamwambia. Akacheka.

"Hiyo hula makaratasi. Ukiipa ubao, itaung'ang'ania kama Mnyamwezi na asali."

Nami nikacheka, nikaibeba. Maneno ya mtani sisi huyapokea kwa kicheko, mwanangu, na kicheko huziba masikio.

Nyumbani kibao kiliingia kwa kusukumwa, kwa kuwa uwazi wa rola ulikuwa wa karatasi. Gia za plastiki zikakatika meno. Swichi ya kurudisha nyuma haikuwapo. Nilipoifungua kwa bisibisi nikakuta wino haujashika hata mstari mmoja. Joto lililotosha karatasi, shaba ilikuwa imelinywa lote.

Nikarudi nayo kwapani, safari hii na kibao kingine mkononi.

"Imekula?" Shomari akauliza.

"Imekula."

Hakucheka. Aliinama, akavuta kutoka chini ya meza mashine nzito ya chuma iliyofunikwa gunia. Tukaiacha ipate moto, nikaipa kibao. Kilipita polepole bila kusukumwa, kikatoka cha moto hata nikakishika kwa pindo la kanga. Nikabonyeza swichi, kikarudi kilikotoka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na aliyeinama siku ile ni yeye. Akanibadilishia.

Saketi ilifika Ntalikwa kesho yake. Baada ya wiki tatu mayai mengi yalianguliwa. Yaliyotangulia kukusanywa yalikuwa viza. Mama Kashindye aliwagawia majirani vifaranga, yeye akayahesabu mayai viza kuwa fungu lake. Hakunilaumu, na ndiyo sababu sijasahau.

Basi sikia. Nenda dukani na kibao chako, usiende na maneno matupu. Iache mashine ipate moto mbele yako. Ikipokee bila kulazimishwa, iende taratibu, ikitoe kikiwa hakishikiki, na iwe na njia ya kukirudisha. Uliza gia zake ni za chuma au za plastiki. Taa za buluu hazihamishi wino. Na muuzaji akikutania kuhusu kazi yako, cheka, kisha mwombe arudie aliyoyasema.

Mungu aibariki mikono yako, na njia za vibao vyako zisikatike.

Ukifika, msalimie Shomari. Kila nikimwuliza kama siku ile alikuwa ananionya au ananitania, na kama ile ya gunia alikuwa ameniwekea mimi, hunijibu, "Mpagazi haulizi mzigo, hubeba." Mpaka leo sijui.